Tukishavuna

Kibiti, Ijumaa, 10 Aprili. Mvua ndogo tangu alfajiri mpaka saa mbili, kisha jua kali. Njia ya sokoni matope matupu.

Zena mwanangu,

Nimeanza na tarehe na hali ya hewa kwa sababu mkono umeshazoea, na najua utacheka. Salamu sikuandikii. Uko chumba cha pili, nakusikia unavyombembeleza Hamisi, na asubuhi tutasalimiana kama siku zote. Barua hii utaikuta juu ya begi lako ukiamka kuswali. Isome kabla hujamwamsha Mwanaidi. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini nakujua. Ungenikatiza katikati kwa huruma, useme, “Basi mama, yamepita,” nami ningeshukuru na kunyamaza.

Mambo ya safari siyaandiki. Cherehani umeifunga mwenyewe kwa gunia na kamba, na umeifunga vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi. Basi la kwenda Dar unalijua, na treni ya Dodoma atakuelekeza mumeo kwa simu. Umekuwa mke wa mtu miaka minane, hungoji barua ya mama yako ujue pa kuweka chupa ya uji.

Nataka kuandika juu ya Mwanaidi, na siwezi kumwandika yeye nikamwacha baba yako.

Tulivyokubaliana ni kwamba kesho unaondoka na Hamisi, na Mwanaidi anabaki na mimi mpaka tukishavuna. Nasema tulivyokubaliana. Hebu turudi Januari tuone tulikubaliana vipi.

Shabani alikuwa na miezi miwili Dodoma, kapata kazi ya umeme kwenye majengo, na kila jioni mlikuwa mnazungumza kwa simu bila kufika popote. Mara unakwenda, mara unangoja. Hapa una wateja wa kushona, huko hujui mtu. Hapa nyumba ni yetu, huko ni ya kupanga. Nikakwambia kitu kama hiki hakiamuliwi kwa kichwa kitupu, tukichore. Nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja kwenda, upande mmoja kubaki. Tukakaa barazani, na Bi Kuruthumu jirani yetu akawa amekuja kuazima ungo, akaona afadhali akae.

Ulipouvuta ukurasa ukausoma, ukaniuliza, “Mama, mbona upande wa kubaki umeandika kwa kalamu nyekundu?”

“Ya buluu imekwisha wino.”

“Imekwisha upande mmoja tu?”

Bi Kuruthumu alicheka mpaka ungo ukamdondoka. “Huyu shoga yangu angekuwa hakimu, wilaya nzima ingekuwa ndani.”

Ukampigia Shabani, ukaweka sauti kubwa. Bi Kuruthumu akamuuliza, “Mkwe, huko Dodoma samaki wapo?”

“Wapo bibi, ila wamefika kwa basi, kama mimi.”

“Basi wamechoka!”

“Wamechoka, na wamepauka.”

Tukacheka wote. Hamisi aliposikia sauti akatambaa mpaka kwenye simu, akailamba. Ukamtazama. Ulipokata simu ukasema, “Nakwenda, mama. Huyu mtoto atamjua baba yake kama anavyomjua mtangazaji wa taarifa ya habari.” Ulisema polepole, hukuugusa hata ukurasa wangu. Na mimi, badala ya kukwambia umesema kweli, nikasema, “Haya, nenda. Lakini Mwanaidi niachie mpaka tukishavuna. Keshaanza darasa la kwanza, usimvuruge.”

Bi Kuruthumu akadakia, “Na ni haki yake. Mjukuu wa kwanza ni wa bibi.”

Unajua kwetu ilivyo. Bibi akimwomba mjukuu wa kwanza, hanyimwi. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi yangu, na sikuona mtu aliyemuuliza mama yangu anaonaje. Ukakaza khanga yako kiunoni, ukasema, “Sawa, mama.”

Usiku ule niliandika katika daftari: Zena amekubali Mwanaidi abaki. Nimefurahi. Sikuandika kwamba ulikwenda uani ukaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Nikafurahi hivyo mwezi mzima wa pili, na Ramadhani yote, mpaka Jumanne ya wiki hii. Nilikuwa nachambua mchele, Mwanaidi kakaa karibu yangu anachora treni kwa mkaa sakafuni. Akaniuliza, “Bibi, treni ya umeme ina madirisha?”

“Ina madirisha.”

“Mama na Hamisi watakaa dirishani?”

“Labda.”

Akachora magurudumu mawili, akasita. “Mama amesema na mimi nitapanda tukishavuna. Tukishavuna ni lini, bibi? Ni Jumapili?”

Mchele ulinimwagikia mapajani. Hakuona, aliendelea kuchora. Mimi nilikuwa nimeshawahi kuulizwa swali lile, kwa sauti nyingine, na mtu mzima.

Nikaingia chumbani, nikavuta lile sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Daftari zangu zote zimo humo, tangu nilipomaliza kidato cha nne. Nikatafuta za kijijini kwetu Maparoni, za miaka ile ulipokuwa mdogo. Panya wamekula pembe lakini maandishi yapo. Na humo, Zena, sentensi moja inajirudia: Baba Zena ameuliza tena. Nimesema tukishavuna. Nimeihesabu mara tisa katika miaka minne, kwa mwandiko uleule, bila hata neno moja kubadilika.

Wewe unajua hadithi nyingine. Unajua kwamba baba yako alifanya kazi Tanga, fundi wa mashine za boti, na hakutuchukua. Kila ukiniuliza kwa nini hatuendi kwa baba, nilikwambia chumba chake ni kidogo. Ukakua na neno hilo. Si kweli. Nalisema hapa kwa kalamu ya buluu, ambayo wino wake haujaisha hata siku moja.

Ulikuwa na miaka saba. Tulikuwa dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti katikati ya mpunga. Mpunga ulikuwa unatoa mashuke, ndege wamejaa, na wewe una kopo lako la kugonga. Sijui kama unakumbuka. Baba yako alitokea bila taarifa, suruali kaipandisha magotini, tope mpaka hapo. Hakupanda juu. Alikaa kwenye ngazi ya dungu, akavua kofia.

“Nimepata vyumba viwili,” alisema. “Kimoja nimekipaka rangi mwenyewe. Dirisha lake linatazama shule. Zena atakwenda kwa miguu, hata barabara havuki.”

“Vizuri,” nilisema.

“Nimekuja kuwachukua, Mama Zena.”

“Sasa hivi? Na mpunga huu? Tukishavuna.”

“Mwaka jana ulisema hivyo.”

“Mwaka jana maji yaliuchukua. Ikabidi tupande mlau.”

“Na mlau ukauvuna.”

“Nikauvuna, mvua zikanyesha. Sasa ulitaka nisilime?”

Akavaa kofia. Umeishi mjini Kibiti muda mrefu, pengine umesahau mzunguko ule. Ukimaliza mpunga, maji ya mto yanashuka, unapanda mahindi na kunde kwenye tope yalilotuachia, ndio mlau. Ukila mahindi ya mlau, vuli imefika, unashika jembe kwa ajili ya mpunga. Bonde letu halimwachi mtu mikono mitupu hata mwezi mmoja. Ni neema kubwa, nami niliigeuza kisingizio. Mtu wa kule akisema tukishavuna anakuwa hajataja siku yoyote, na anayeambiwa hawezi kumlaumu, maana nani atamlaumu mtu kwa kuvuna?

Baba yako alilala usiku mmoja, akakusaidia kugonga kopo asubuhi, akarudi na boti ya mchana. Nimesoma ukurasa wa siku hiyo. Nimeandika: Baba Zena amekuja, ameondoka. Ndege wengi upande wa mashariki.

Kama miaka miwili baadaye aliniandikia kwamba kile chumba cha pili amekirudisha kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo mwishowe chumba kikawa kimoja, kidogo, na uongo wangu ukawa kama kweli.

Kwa nini sikwenda? Nimejiuliza tangu Jumanne, na jibu silipendi. Mpunga haukuwa sababu. Maparoni nilikuwa mtu. Nilikuwa mwanamke pekee wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne. Watu waliningoja niwasomee barua za watoto wao, niwaandikie za kujibu, niwajazie fomu. Nikipita, wananiita kwa heshima. Tanga ningekuwa mke wa fundi katika vyumba viwili, hakuna anayehitaji nimsomee chochote, kila mtu anajua kusoma. Niliogopa kuwa si kitu. Basi, ni hilo. Sikuogopa njaa wala ugonjwa, niliogopa kupita barabarani nisiitwe.

Baba yako aliporudi moja kwa moja na kutujengea nyumba hii ya Kibiti ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Wiki ya kwanza tu, ulikuja jikoni ukasema, “Mama, mgeni wako anauliza sabuni iko wapi.” Hukusema kwa ubaya, ulisema kama unavyosema kuna mtu mlangoni. Yeye alikuwa nyuma yako na ndoo ya maji. Akasema, “Mwambie mama yako mgeni keshaiona,” akaenda kuoga. Alikaa bafuni muda mrefu sana.

Nilimwambia nitakueleza ukweli. Akakataa. “Atakukasirikia wewe, halafu atabaki na nani? Mimi hanijui, na wewe atakuwa hakutaki. Mwache awe na mzazi mmoja kamili.” Nikamkubalia haraka, kama mtu aliyefutiwa kosa. Nikaendelea kumkubalia hata alipougua. Alipofariki ulimlilia, mwanangu, lakini ulimlilia kwa adabu, kama anavyoliliwa jirani mwema. Niliona, na nilijua ni mimi.

Simfanyi malaika. Naye alikosea. Aliuliza kwa upole mara tisa, kisha akaacha kuuliza. Hakunigombeza hata mara moja, na mimi nilihitaji kugombezwa. Ulipomchagua Shabani nilifurahi kwamba ni mpole, halafu nikaogopa kwa sababu hiyohiyo. Wewe nawe ni wa “sawa, mama.” Watu wawili wapole katika nyumba moja ya kupanga, mbali na kwao, wanaweza kukaa na jambo mezani mwaka mzima wakilizunguka na sahani. Msifanye hivyo. Goma, piga kelele, vunja kikombe ikibidi, mradi lisemwe siku hiyohiyo.

Na juu ya kuwa si kitu: hilo litakukuta. Hapa wewe ni Zena wa magauni ya Idd, watu wanakuja na vitambaa mpaka usiku wa kuamkia sikukuu. Dodoma utakuwa yule mama aliyehamia nyumba ya tatu, na wataanza kukupa suruali za kupunguza. Siwezi kukufundisha utaishije na hali hiyo, maana niliikimbia kabla haijanigusa. Nakwambia tu kwamba kuikimbia kulininyima vitu vingi kuliko ambavyo yenyewe ingeninyima. Na mkiona haiwezekani kabisa, rudini. Sitauliza mbona mmerudi. Ila mrudi wote wanne.

Nimesema wanne. Sasa nakuja huko.

Lile neno langu la shule lilikuwa la uongo pia. Nilisema Mwanaidi asivurugwe masomo. Lakini mwezi ujao ndege wakishuka ningekwenda naye Maparoni dunguni, kama nilivyofanya nawe. Ningempa kopo agonge, na darasa la kwanza lingemngoja. Nilishaanza hata kulitafuta hilo kopo. Kwa hiyo ukurasa wa Januari nimeusahihisha. Upande wa kubaki nimefuta karibu mistari yote. Umebaki mmoja, kwamba bibi atawakumbuka. Huo ni kweli, lakini si sababu.

Leo mvua ilipokatika nilikwenda shuleni, nikamkuta mwalimu mkuu anafuta kiti. Nikamwambia nimefuata uhamisho wa Mwanaidi.

“Mama, wewe si ulikuja hapa Februari ukaniambia mtoto anabaki?”

“Nilikuja.”

“Ukanipigia hotuba hapa ya nusu saa.”

“Ilikuwa hotuba mbaya, mwalimu. Andika.”

Alicheka, lakini akasema anayeomba uhamisho ni mzazi, si bibi. Tukaelewana hivi: barua ameiandika, imo ndani ya bahasha hii pamoja na nakala yake, na mahali pa saini ya mzazi pako wazi. Ukisaini, moja utakwenda nayo, na nakala nitamrudishia Jumatatu asubuhi. Usiposaini, nitazirudisha zote mbili na sitakuuliza neno. Safari hii uamue wewe, bila kalamu nyekundu na bila Bi Kuruthumu.

Kisha nikampigia Shabani, nikiwa nimesimama palepale chini ya paa la shule. Nikamwambia, “Baba, nimefikiri upya. Zena akiridhia, mtakuwa na watoto wote wawili.” 

“Mama,” akasema, “kitanda chake kipo.”

“Kitanda gani?”

“Cha Mwanaidi. Nilikinunua Januari, kabla hujasema abaki. Zena alinikataza nisikwambie, alisema utajisikia vibaya. Nimekisimamisha ukutani, nikitandika shuka juu wageni wanadhani ni pazia.”

Zena, nimekuwa mama yako zaidi ya miaka thelathini, na jambo lililoniuma na kunifurahisha kwa pamoja kama hilo sijapata. Kitanda kimesimama ukutani miezi mitatu, na mlikuwa mnanionea haya. Baba yako alipaka chumba rangi, nami sikukiona mpaka leo. Hiki cha mumeo nataka kukiona.

Nikamweleza Bi Kuruthumu jioni kwamba mwezi wa tano, wiki ya pili, nakuja Dodoma kukaa siku kumi.

“Mwezi wa tano? Na ndege je?”

“Utawawinga wewe.”

“Mimi? Na goti hili nipande dunguni?”

“Kaa chini, uwatukane tu.”

Akafikiri kidogo. “Kwa matusi naweza,” akasema. “Lakini wewe kuondoka kabla ya mavuno! Sijawahi kusikia.”

Hata mimi sijawahi. Ndiyo maana nimetaja wiki.

Sikuandikii haya yote ili unisamehe kesho kabla ya chai. Kasirika kwanza. Una safari ndefu, kasirika njiani, treni ina madirisha. Ukimaliza kukasirika, siku yoyote ile, mwambie Mwanaidi kwamba babu yake alipaka chumba rangi kwa ajili ya mtoto wa miaka saba, na dirisha lilitazama shule. Mimi nimechelewa kukwambia wewe, yeye asichelewe kujua.

Yeye bado hajui lolote. Habari ya kupanda treni si yangu kumpa, ni yako. Natamani niwepo utakapomwambia, lakini nikisikia kelele kutoka jikoni itanitosha. Nguo zake nimezifua tangu juzi, nimezikunja kwenye mfuko wa buluu nyuma ya mlango wangu. Ukitaka abaki, nitazirudisha kabatini kimya kimya na hatajua zilitoka.

Viatu vyake nimeviosha tope. Nimevipanga mlangoni, kati ya vyako na vya Hamisi.

Mama yako.

Mvua imeanza tena, ndogo. Saa sita kasoro robo. Nalala.